Maua Yasiyoliwa na Mbuzi

Umepita pale kila asubuhi, mwanao mkononi, ukageuza shingo. Usiseme hukuona. Mstari mzima wa maua ya haibiskasi uling'olewa mbele ya chekechea mchana kweupe, nawe ukauliza tu kama njia imefungwa.

Msusi wa saluni ya ng'ambo ya barabara naye aliona, vidole vikiwa kwenye nywele za mteja. Akaendelea kusuka. Binti yake alisoma pale, na mwenyekiti wa kamati ya wazazi alishaeleza kila kitu: haibiskasi ni mti wa ovyo. Unamwaga maua chini, mbuzi wa jirani wanautafuna, watoto wanachuma maua na kufyonza utamu wa kwenye kikonyo hadi sare zinachafuka. Aibu tupu! Oleanda, lo, huo ndio mti wenye adabu zake: majani membamba kama yaliyopigwa pasi, maua ya rangi ya waridi mwaka mzima, maji hauombi. "Na mbuzi hawaugusi!" mwenyekiti alitamba. Wazazi wakapiga makofi, na oleanda ikapandwa palepale haibiskasi ilipong'olewa. Hakuna aliyejiuliza mbuzi, anayekula hata karatasi na kamba za viatu, ameogopa nini.

Watoto hawakualikwa kikaoni. Wao walijua jambo moja tu: ua la pale hufyonzwa.

Binti wa msusi akafyonza la oleanda. Alipokosa utamu, akatafuna na jani. Alitapika mpaka akalegea kama kitambaa. Hospitalini daktari alimsikiliza moyo, akakunja uso.

"Mama, huyu amekula nini? Mapigo yanarukaruka."

Msusi alitoa ua lililonyauka kwenye mfuko wa sare ya mtoto. Daktari akamwambia aliweke chini, anawe mikono. "Hii ni sumu, mama. Ua, jani, mpaka mzizi."

Mtoto alipona, kwa bahati. Siku aliporudi darasani, msusi alimfuata mwenyekiti.

"Pole sana, dada yangu. Tumeshachukua hatua." Akamwonyesha bango jipya, herufi za dhahabu: NI MARUFUKU KULA MAUA.

"Mwenyekiti, wana miaka minne. Hawajui kusoma."

"Ndiyo maana tunawafundisha."

"Kwa hiyo tuwazike mpaka wafike herufi M?"

"Usikuze mambo, mama. Bustani imependeza. Wageni wanaisifia."

Msusi aliondoka bila kuaga, akaazima jembe kwa fundi wa jirani. Mteja wake aliyesukwa nusu kichwa, nusu nyingine timutimu, akamfuata na glavu za saluni.

Sasa hivi wako pale. Wameng'oa mioleanda miwili. Mlinzi anamvuta msusi gauni, mwenyekiti anatishia polisi, na imebaki mstari mzima. Watoto wanakaribia kutoka darasani kwa mapumziko. Nawe umesimama ng'ambo, unarekodi video.

Weka hiyo simu. Vaa glavu, vuka barabara, shika jembe. Usiichome, moshi wake nao una sumu. Ng'oa. Sasa!