Mwenyekiti wa Siku ya Wageni

Tangu niingie kwenye kamati ya mtaa kuwawakilisha akina mama wa bondeni, kazi yangu ilikuwa moja: kuonekana. Sisi wa bondeni ni wafinyanzi, tu wachache, na lugha yetu majirani huiigiza wakitaka kucheka. Maji yao huyapoza katika mitungi yetu, lakini wakitupa mkono hujifuta kwenye suruali. Mungu anawaona, nami nawaona.

Kamati ilinipenda sana. Kila kikao Mwenyekiti, mwenye duka la simenti, alisema sauti ya mama huyu ni hazina. Nikitaka kuitoa hiyo sauti, ananiambia muda umetutupa mkono. Nami nilikuwa na jambo moja tu. Bomba la maji limeishia shuleni, huko juu, na sisi tunapanda kilima na ndoo. Mkamwana wangu ana mimba kubwa. Wiki ile aliteleza na ndoo kichwani, akaangukia ubavu. Mkunga alimpapasa akasema mtoto yu salama, ila akianguka tena, yeye asiulizwe. Mabomba ya kumalizia kazi yalikuwa stoo ya kamati, yamekuwa nyumba ya panya. Kilichokosekana ni mikono ya wajumbe kuinuka.

Wakaja wageni wa shirika linalosaidia wanawake wa jamii ndogo kushika uongozi. Asubuhi hiyo Mwenyekiti alinifuata hadi kwenye tanuri langu, akakanyaga majivu kwa viatu vyake vya kung'aa bila kujali. Alinieleza kwamba leo nitaongoza kikao mimi. Nifungue kwa sala, nitabasamu, nifunge.

"Na katikati?" nikamuuliza.

"Katikati tutakusaidia, mama yetu."

Nikanawa udongo, nikavaa gauni la ibada, nikaenda. Kiti cha Mwenyekiti kina mto laini. Nilikuwa sijui, kumbe ndiyo maana hotuba zake huwa ndefu.

Mwenyekiti akawatangazia wageni kwamba leo kiti ni changu. Nilipofungua kwa sala, walipiga picha hata tulipofumba macho. Kisha Mwenyekiti akasimama kunisaidia. Akaeleza jinsi kamati ilivyonilea, mimi ambaye ningeweza kumzaa. Mgeni mmoja, mwanamama mwenye miwani, akaniuliza naonaje uongozi. Kabla sijafungua kinywa, Mwenyekiti akamjibu kwamba nimefurahi sana. Halafu akaninong'oneza nifunge, chai inapoa.

Nikasema kabla ya kufunga tuamue bomba la bondeni. Akacheka kidogo, akasema hilo ni la kikao kijacho, akainuka kuifuata chai. Wajumbe wakainuka naye.

"Kaeni," akasema Katibu bila kuinua kichwa. Huyu tunamwita Bwana Kanuni, na hakuwa rafiki yangu. Mkewe mwenyewe husema anazipenda kanuni kuliko yeye. "Haondoki mtu kabla kiti hakijafunga kikao."

"Kiti ni mimi," Mwenyekiti akasema.

"Leo kiti ni mama. Umetangaza mwenyewe mbele ya wageni."

Wakakaa. Nami nikanyamaza. Mjane hufundishwa na nyumba yake kukaa na ukimya. Jua likahama dirisha. Mwenyekiti akajifuta shingo, akanisogelea.

"Mama, unatuaibisha."

"Sijasema kitu, mwanangu. Nasubiri mikono."

Wa kwanza kuinua mkono alikuwa yule mgeni wa miwani, akidhani ndiyo ratiba. Katibu akamwomba aushushe, wageni hawapigi kura. Hapo mjumbe mmoja, mshona nguo, akaona haya, akainua wake. Akafuata fundi baiskeli, kisha wengine, wakitazamana kama watoto waliokutwa jikoni. Mwenyekiti aliinua wa mwisho, lakini aliuinua juu kuliko wote, uso kaugeuzia kamera. Katibu akaandika. Nikafunga kwa sala fupi, nikimshukuru Mungu kwa wajumbe wasikivu.

Mtaro ulichimbwa wiki ileile, kwa kuwa wageni waliahidi kurudi kuutazama. Kikao kilichofuata, kamati ikapitisha kwamba kiti kisiazimwe tena, kwa ajili ya kulinda utaratibu. Nilipinga peke yangu. Niliporudi nyumbani nilimkuta mkamwana wangu kwenye bomba jipya la bondeni, mkono kiunoni, analalamika kwamba maji yanatoka kwa kasi mno, yanamlowesha miguu.