Wembe wa Mdogo Mtu

Dereva wa lori alilala kifudifudi kwenye godoro la sebuleni, suruali ikiwa magotini. Mdogo wake, kinyozi, alipiga magoti pembeni akiwa na wembe mpya. Mama yao aliwafungia mlango akabaki nje, mwanawe mkubwa asione haya.

"Mkono usitetemeke," dereva alisema. "Hapo si kichwa cha mteja."

"Kichwa cha mteja hakina makelele hivi, kaka. Tulia."

Daktari wa upasuaji alikuwa ameeleza bila kuzunguka. Miaka ya usukani, jasho na mtikisiko vilizisukuma nywele za katikati ya makalio zikatoboa ngozi hapo juu ya kifandugu, zikachimba tundu, tundu likajaa usaha. Alilikata lote akaacha kidonda wazi, bila nyuzi. "Kitajaa nyama kutoka chini kuja juu," alisema. "Muuguzi atakuwekea shashi kila siku. Pembeni panyolewe kila wiki, maana nywele zikirudi ndani tunaanza upya. Wewe huwezi kupaona. Tafuta mtu."

Mtu alikuwa mmoja tu. Dereva hakuwa na mke, na macho ya mama yalishafifia. Akabaki yule yule ambaye kaka mtu alizoea kumtambulisha kwa watu hivi: "Mimi nabeba tani thelathini. Huyu anabeba nywele za watu kwa ufagio."

Kinyozi alifanya kazi ile kama anayemnyoa mtoto mchanga. Alivuta ngozi kwa vidole, akakizunguka kidonda bila kugusa ukingo wake, akaokota kila unywele kwa kitambaa chenye maji usije ukadondokea ndani. Shukrani aliyopata ilikuwa, "Umemaliza? Funika basi, au unapiga picha?" Kinyozi akacheka. Aliamini kwamba maumivu yakiisha kaka yake atakuwa mtu mwingine. Alikuwa ameliamini hilo tangu utotoni.

Dereva alikuwa na haraka ya kupona. Lori lake lilishikwa na utingo wake, kijana aliyemfundisha mwenyewe kubadili gia, na tajiri mwenye lori alishasema: "Ukipona, chukua gari lako. Ukiugua tena, gari ni la utingo. Mizigo haisubiri makalio ya mtu."

Siku ya kukaguliwa, daktari aliinama juu ya kidonda, akaridhika. "Kinajaa vizuri sana. Nani anakunyoa? Ana mkono mwepesi."

"Ah, mtu tu," dereva alijibu.

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mto wa kukalia wa kaka yake.

Jioni ile kibanda chake kilijaa wateja. Fundi viatu, aliyekaa kitini na shuka shingoni, aliuliza, "Tani Thelathini anaendeleaje? Mbona haonekani?"

Kinyozi angeweza kusema anaendelea vizuri. Badala yake alizima mashine, akalala kifudifudi kwenye benchi, akainua makalio na kukaza sauti: "Mkono usitetemeke. Hapo si kichwa cha mteja." Watu wakaanguka kwa kicheko. Akaongeza tundu, akaongeza ukubwa wake, akaongeza na kilichotoka ndani.

"Kumbe nyani haoni kundule," fundi viatu alisema akifuta machozi, "mpaka amwite kinyozi."

Hakuwahi kuwachekesha watu kiasi kile. Alipokuja kujuta, akifagia nywele, maneno yalikuwa yameshaondoka na wateja.

Wiki hiyo hiyo dereva alikwenda yadi ya malori, tajiri amwone anavyotembea wima. Alimkuta utingo akifuta vioo.

"Shikamoo, Bwana Tundu," kijana alisema kwa adabu zote. Makuli wakaegemeana. "Mdogo wako anasema ulifuga nywele huko nyuma. Tukuletee kitana?"

Siku ya kunyolewa ilipofika, kinyozi alikuta komeo limeshuka.

"Kaka, fungua. Nimekosa."

"Kawanyoe mashabiki wako."

"Nitukane, lakini nifungulie. Nywele zinaota."

"Ziote."

"Mwanangu, aibu haiui," mama alisema. "Kinachoua ni hicho kidonda."

"Mimi imeshaniua, mama."

Alijaribu mwenyewe kwa kioo alichokiweka sakafuni, akajikata, akatupa wembe. Kwa muuguzi hakurudi tena. Juu ngozi ilikuwa imefunga, naye akamwambia tajiri amepona, akapanda lori. Alirudi kutoka safari amelala kifudifudi kwenye kitanda cha nyuma ya kiti, anatetemeka kwa homa, utingo akiendesha. Tajiri hakugomba. Alimwambia tu utingo akae na funguo.

Hospitalini daktari alipasua, akakamua usaha, akavuta kutoka ndani kishungi cha nywele kilicholowa. "Safari hii nitahamisha nyama ya pembeni nizibe, mfereji wa makalio usiwe na kina," alimwambia mama. "Lakini asiponyolewa, sasa na baadaye, nitakuwa nimejisumbua bure."

Asubuhi ya upasuaji huo kinyozi alisimama miguuni mwa kitanda na mkoba wake. Wodi ilijaa wanaume. Dereva alipomwona alichukua kitambaa alichokuwa akijifutia jasho.

"Tia mdomoni. Chote."

"Kaka..."

"Chote. Ukikitema, ondoka."

Kinyozi alikikunja akakisukuma ndani hadi mashavu yakavimba. Kilikuwa na chumvi ya homa. Muuguzi alitaka kuvuta pazia, dereva akamzuia. "Acha waone." Akashusha suruali mwenyewe, mbele ya wote.

"Huyo kinyozi au mbuzi?" mgonjwa wa kitanda cha pili aliuliza, na safu nzima ikacheka. Dereva hakucheka.

Kinyozi alivuta ngozi, akanyoa. Mate yalimtiririka kidevuni, naye aligeuza shingo yasidondokee kidonda. Aliokota kila unywele. Alipomaliza alikagua kwa mwanga wa dirisha, akaanza kukunja wembe.

"Kushoto umeacha," dereva alisema, uso ukiwa kwenye mto.

Kushoto hapakuwa na kitu. Kinyozi akaufungua wembe, akaupitisha tena, polepole, juu ya ngozi tupu.