Mshumaa Mfupi

Saidati aliweka beseni mezani, akasimamisha ndani yake mishumaa miwili iliyowaka, mmoja mrefu na mmoja mfupi kama kidole. Chini alikuwa ametandaza magadi. Akashika chupa ya siki na kuuliza ni upi utakaozimika kwanza.

Darasa zima likasema mrefu. Na nani awalaumu? Watoto wa Rugerero wameota moto wa kuni tangu wazaliwe, wanajua moshi hupanda. Ukiwaambia, kama Saidati alivyowaambia sasa, kuna hewa nzito inayoshuka na kutuama kama maji, watakuona umechoka tu.

"Mwalimu, hewa haina uzito," akasema Belise kutoka nyuma, kwa ukali usio wake.

Ukali ule ulimchoma Saidati moyoni. Msimu uliopita wa viazi, Belise alikwenda shambani kwao amembeba mdogo wake Gentil. Mtoto aliposinzia, akamshusha mgongoni, akamlaza kwenye kibonde chenye kivuli na majani laini, upepo usikofika. Aliporudi, Gentil hapumui. Nyumbani walisema degedege. Juma hili mbuzi wa jirani akafa palepale. Watu wakasema ugonjwa. Ndipo Saidati alipoelewa kuwa ni mazuku, ile gesi ya kuua inayotoka ardhini huku kwetu chini ya volkano, ambayo wengi hudhani hutembea usiku tu.

Akifundisha, atamtwisha mtoto huyu kifo cha ndugu yake. Akinyamaza, wengine watalala mle. Alikuwa hajalala vizuri kwa sababu hiyo.

Akamimina siki. Povu likachemka chini, na gesi isiyoonekana ikajaa polepole. Mshumaa mfupi ukafifia, ukazimika. Mrefu ukaendelea kuwaka. Watoto wakacheka, wakataka arudie. Belise hakucheka. Saidati akawaambia mazuku hujaa vibondeni vivyo hivyo, hata mchana.

Wenzake walipotoka kucheza, Belise alibaki amesimama kando ya beseni.

"Mwalimu, mu mugongo yangu alikuwa juu."

"Ndiyo, mama."

"Kama singemushusha?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Saidati, mtamu na mwepesi. Akaumeza.

"Angekuwa muzima. Lakini we hukujua, Belise. Hata mi sikujua. Sisi wakubwa ndio tulipaswa kukuambia."

Belise hakulia. Aliutazama ule mshumaa mfupi.

"Mama iko analima kule leo," akasema. "Iko na Shyaka."

Shyaka ni mdogo wake mwingine, wa miezi mitatu, hata kukaa hajaweza. Saidati aliacha kila kitu wazi, akamshika Belise mkono, wakakimbilia barabarani kutafuta pikipiki.

Kule shambani Drocella, mama yake Belise, aliwaona wakija mbio akasimama na jembe mkononi. Kitenge kilikuwa kimeshatandikwa mle kibondeni. Shyaka alikuwa bado mgongoni mwake, macho yanafumba kwa usingizi, mama akimalizia tuta moja ndipo amlaze.

Belise alimfungua mtoto kutoka mgongo wa mama yake, akamfunga kwenye wake, akakaza fundo. Saidati alimweleza Drocella yote palepale, na Drocella akakaa chini kati ya viazi, juu ya mwinuko, akajishika kichwa.

Baadaye akamwambia binti yake amshushe mtoto, ni mzito.

"Hapana, mama," akasema Belise, na sasa alikuwa analia. Alitembea na Shyaka mgongoni mpaka nyumbani, na hata huko hakutaka kumshusha.