Blanketi la Rehani

Ilikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na tano, katikati ya kipupwe, mwaka wa pili tangu watu wa upande wa Goweko waache makazi yao yaliyotawanyika na kupangwa kwa mistari katika kijiji kipya cha ujamaa. Tumbaku ilikuwa imekwisha kukaushwa mabanini, yaani katika vibanda vya kukaushia, na kila kaya ilikuwa ikichambua majani yake. Upepo wa alfajiri uliuma kama siafu.

Siku hiyo Bi Kalunde alishuka garimoshi akitoka Tabora mjini, ambako alikuwa amekaa miezi miwili kwa binti yake huko Ipuli. Alikuwa mwalimu mstaafu. Nusu ya kijiji ilijifunza kusoma mbele ya fimbo yake. Kabla hata hajafungua mlango wake alisikia kikohozi kutoka nyumba ya pili. Kilikuwa kikohozi cha mtoto mchanga.

Alimkuta Nyamizi, binti yatima wa jirani yake marehemu, amejikunyata kando ya mafiga akiwa amempakata mwanawe. Mtoto alikuwa ameviringishwa katika gunia la karanga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Blanketi nililokuachia liko wapi?"

Nyamizi aliinamisha kichwa. "Limechukuliwa rehani, Bibi. Mzee wa kanisa alisoma Torati mbele ya watu, nikaambiwa nihamie benchi la nyuma na nilete debe la karanga, faini ya uzinzi. Karanga sina. Basi akasema blanketi likae kwake mpaka nizilete."

"Naye Luhende? Ulimtaja?"

"Nilimtaja. Baba yake akasema nisimchafulie mwanawe jina."

"Sasa yuko benchi gani?"

"Anapuliza tarumbeta, Bibi. Safu ya mbele."

Bi Kalunde alivua shuka lake la safarini, akamfunika mtoto, kisha akajifunga kanga kiunoni kwa fundo ambalo wanafunzi wake wa zamani walilijua na kuliogopa. Hasira yake haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa hasira ya mtu aliyekopesha kisu cha kumenyea viazi akakiona kimemchoma mtu. Huyo mzee wa kanisa, Silasi, baba yake Luhende, herufi zote alizozijua alifundishwa naye.

Alimkuta uani, mbele ya bani, akichambua tumbaku pamoja na mkewe na Luhende. Majani mazuri yalirundikwa upande mmoja, na juu ya rundo hilo lilitandazwa blanketi la kijivu lenye mistari myekundu, limelowanishwa maji ili majani yasikauke yakavunjika.

Bi Kalunde alilitazama blanketi lile. Alilijua kwa mshono wake.

"Shikamoo, Mwalimu!" Silasi aliinuka akifuta mikono. "Karibu. Habari za mjini?"

Bi Kalunde hakuitikia. Mama Luhende akaacha kuchambua. Katika nchi ile mtu mzima kunyimwa marahaba ni sawa na kupigwa kofi mbele ya mkewe.

"Leta kitabu," alisema Bi Kalunde.

"Kitabu gani, Mwalimu?"

"Kile ulichomsomea Nyamizi."

Silasi alikileta. Bi Kalunde hakukipokea. "Nisomee sheria ya mwanamume amshawishiye msichana asiyeposwa. Simama wima. Usimung'unye maneno."

Mtu wa miaka hamsini akasimama wima. Alisoma, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyopungua, kwa kuwa sheria ile haikumtoza msichana hata punje. Ilimtaja mwanamume: atoe mahari na amwoe, na baba wa msichana akikataa kumwoza, mahari itolewe vilevile.

"Karanga zimetajwa?"

"Hazikutajwa."

"Tarumbeta je?"

Mama Luhende alikohoa ili asicheke. Luhende aliinama mpaka kidevu kikagusa majani.

"Mwalimu," alisema Silasi, "hizo ni sheria za Waisraeli wa kale. Sisi tuko chini ya neema."

"Ahaa! Nyamizi alipokuwa na mimba tulikuwa chini ya sheria. Leo anatajwa mwanao, tuko chini ya neema. Neema hiyo imefika lini, Silasi? Maana mimi nimeshuka garimoshi mchana huu na sikuiona ikishuka."

"Kanisa lazima liwe na nidhamu, Mwalimu. Watoto wataharibika!"

"Mtoto anayeharibika yuko kule, kwenye gunia. Sasa fungua mahali pa rehani."

Silasi alifungua kurasa polepole, kama anayetafuta kisichopatikana. Kilipatikana. Alisoma kwamba atwaaye vazi la maskini kuwa rehani asilale nalo. Amrudishie kabla jua halijachwa, kwa sababu ndilo la kujifunikia, naye maskini akilala kwa baridi atamlilia Mungu.

Macho ya wote yalikwenda kwenye rundo la tumbaku.

"Musa alikataza mtu kulilalia," alisema Bi Kalunde. "Hakudhani angetokea mtu wa kulilazia tumbaku. Una usingizi wewe, Silasi? Ukiwa kitandani husikii kikohozi? Nyumba hizi zimepangwa karibu hivi ili tusikilizane!"

"Mimi nasikia," alisema Mama Luhende.

"Nawe unaingia?" mumewe alifoka.

"Naingia. Kila usiku nasikia. Mtoto yule ana masikio ya Luhende, baba, yamesimama kama vipini vya sufuria. Kijiji kizima kinacheka, wewe peke yako unasoma Torati."

Luhende aliinuka. "Ni wangu, baba. Nilikuambia tangu masika. Ukasema ninyamaze nipulize tarumbeta."

Bi Kalunde alitazama kivuli cha bani kilichokwisha kurefuka kuelekea mashariki. "Jua halimsubiri mtu," alisema, akaondoka.

Alikwenda kukaa mlangoni mwa Nyamizi. Jua lilikuwa limeshika ncha za paa za nyasi Silasi alipotokea kwenye mstari wa nyumba, na watu wakatoka milangoni kumtazama. Hakubeba blanketi la kijivu; hilo lilikuwa linanuka tumbaku, halimfai tena mtoto. Alibeba blanketi zito la kitandani mwake. Nyuma yake Luhende alisukuma baiskeli yenye debe la karanga. Karanga za mzazi, si za faini. Habari ya mahari ingezungumzwa na wazee kesho.

Silasi alipiga magoti katika vumbi, akalikunjua blanketi, akamfunika mjukuu wake.

"Na miguu," alisema Bi Kalunde.

Akafunika na miguu. Kisha, akiwa bado amepiga magoti, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, Mwalimu."

Bi Kalunde alimtazama mtoto, akamtazama tena yeye. Kulikuwa na deni moja ambalo lilikuwa lake mwenyewe tangu mchana, nalo jua lilikuwa halijachwa.

"Marahaba, Silasi."