Rangi ya Kahawia kwenye Tezi ya Mzee Ambindwile

...haiwezekani iwe kahawia, tezi ya shingo haina haki ya kuwa na rangi hii, kuna mtu kachezea kichupa cha kingamwili, dawa yetu ya kutia seli rangi, na nikisema mtu namaanisha Nsajigwa, mwenzangu wa humu, maana friji ya maabara kaigeuza duka, Fanta zake zimejipanga hadi kwenye rafu ya kingamwili, anawauzia wanaosindikiza wagonjwa, siku hizi kila kitu ruksa mama Leah, ananiambia, na kila akifungua mlango ubaridi unatoka, kingamwili ikipata joto si inaharibika, si inaanza kushika chochote... nasogeza kioo chini ya hadubini, bado kahawia, visiwa visiwa vya seli katikati ya bluu, na kazi ya kingamwili hii ni moja, kutafuta keratini, nyuzi zinazoshikilia umbo la seli za ngozi na za koo, ikizipata inazigeuza kahawia, kwenye tezi hazipaswi kuwepo, zikiwepo zimehamia, na kinachohama hivyo ni saratani. "Vipi mama Leah, imekubali?" Nsajigwa yuko nyuma yangu, ana haraka gani ya kujua, "bado," namwambia, na nje kwenye benchi la barazani mzee anakohoa, nakunja mabega kana kwamba ataniona kupitia ukutani, mila ya kwetu, mkamwana na baba mkwe hawatazamani, tangu Elisha anioe siujui uso wa baba yake, naijua fimbo yake na miguu yake, akiwa njiani anakohoa kwa nguvu ili niwahi kuingia migombani, na leo nimeinama namtazama mpaka ndani ya seli, nani kanipangia hivi, kioo kina namba tu lakini wiki hii shingo iliyokatwa kinyama cha kupima ni moja, daktari alijua, Nsajigwa alijua, wanataka ije isemwe mke wa Elisha alimwangalia mkwewe ndiyo maana akafa... hajafa, ni kifua kikuu, Elisha kaniapia, baba atameza dawa, atarudi kwenye viazi vyake Isongole, labda basi kichupa chenyewe ni feki, kimetoka Dar kwa yule mfanyabiashara mpya, nani anakagua siku hizi, si pale Kiwira watu waliuziwa dawa ya ng'ombe kumbe unga wa muhogo, lakini unga usingeshika kitu, hiki kimeshika vizuri mno, basi ni Nsajigwa, ni joto, ni soda zake.

Naweka kioo cha kujaribia, tezi ya mtu asiye na ugonjwa, kichupa kilekile, mkono wangu mwenyewe, kama kingamwili imeharibika na hapa patakuwa kahawia, Mungu wangu pawe kahawia, nimtukane Nsajigwa mpaka sokoni wasikie... bluu. Bluu tupu, kila mahali, nasogeza huku, nasogeza kule, bluu. Mzee anakohoa tena, na safari hii hakuna wa kuonywa, hajui kama niko humu, anakohoa tu, kwa kukwaruza, na mimi nafikiria vikohozi vyote vya njiani, vipi vilikuwa vya heshima na vipi vilikuwa vya ugonjwa huu, nami nilikimbilia migombani nikiisifu adabu yake, naona uchungu, naona aibu. "Turudie?" anauliza Nsajigwa, taratibu, na upole wake hauna mtego, hakuna aliyenitega, nilikuwa natafuta mwenye kosa kwa sababu mwenye kosa angekuwa nafuu, "hapana," nasema, "iko sawa, kamwite daktari," na sauti inanitoka kubwa, barazani kikohozi kinakatika, amenisikia, amejua ni mimi, jicho langu liko palepale kwenye lenzi na limejaa maji, namsikia anainuka kwa shida, anaburuta benchi mbali na mlango, anaketi upande wa pili, ili nikitaka kutoka nipate njia.