Kesi ya Jembe na Bakora

Asubuhi ile Harrison Godhana alikuta nusu ya shamba lake la Minjila limelazwa chini. Mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba yalikuwa yamekanyagwa na kutafunwa, na alama za kwato zilielekea moja kwa moja kwenye malka, ile njia ya kupitishia mifugo kwenda kunywa mtoni. Ng'ombe walikuwa wa Yarrow, hilo halikuwa na mjadala. Jioni wangerudi tena kunywa, na ile nusu iliyobaki ndiyo chakula cha nyumba yake mpaka mvua nyingine.

Sasa, taabu ni kwamba Yarrow hakuwa Yarrow tu. Zamani yeye na Harrison walikuwa Jembe na Bakora wa kwenye televisheni, mkulima na mfugaji wasioiva chungu kimoja. Kila wiki Bakora analisha ng'ombe mahindi ya Jembe, kila wiki Jembe analia, na nchi nzima inashika mbavu. Kipindi kilikwisha kitambo, lakini watu hawakukiachilia. Hata miaka ile mibaya, wakulima na wafugaji walipokuwa hawasalimiani, kila upande ulikitazama kivyake na kucheka palepale. Watoto waliozaliwa juzi wanakiangalia kwenye simu na wanajua kila neno. Kwa nini hakichuji, Harrison mwenyewe hajui mpaka leo.

Alimpigia Yarrow simu kule Garsen, anakokaa mjini siku hizi, ng'ombe kawaachia wachungaji. Yarrow akacheka, akajibu kwa sauti ya Bakora kwamba ni mahindi yaliyosimama njiani mwa ng'ombe. Harrison akakata simu. Mtu mzima ovyo!

Akang'oa bua lililovunjika, akalipeleka barazani kwa Chifu Zipporah. Ndiyo desturi yao pale: ukiliwa shamba unaleta bua, na wazee wa pande zote mbili wanafuatana nawe kwenda kuona. Alipoinuka tu na bua lake, baraza zima likaangua kicheko. Akangoja wanyamaze, akasema taratibu kwamba haigizi. Wakazidi, maana Jembe naye alikuwa akisema hivyohivyo. Akapandisha sauti, wakapiga makofi. Machozi yakamtoka, na mama mmoja akajifuta yake kwa leso akisema mzee huyu hajachuja hata kidogo. Chifu, mwanamke asiye na mchezo hata siku moja, alikuwa kajificha uso kwa kofia. Harrison alichanganyikiwa. Akajiuliza kuna namna gani nyingine ya kulia ambayo hajawahi kuitumia kuwachekesha watu hawa.

Hapo Yarrow akashuka kwenye bodaboda, kikoi kipya, fimbo begani. Vigelegele. Kila shtaka akalijibu kwa mzaha, na Harrison, Mungu amsamehe, akasikia ulimi wake ukimrudishia papo hapo, kwa mahadhi yale ya zamani. Hakutaka. Mdomo ulikwenda wenyewe. Baraza likavunjika kwa furaha, na hakuna mzee aliyekwenda kuona chochote.

Wakabaki wawili. Yarrow alikuwa akihema, uso umemchanua.

"Uliponipigia asubuhi nilijua utakuja barazani, nikavaa mbiombio," akasema. "Miaka yote hii naingoja hiyo simu, Harrison. Nilidhani hutaniita tena tuigize."

Harrison akalitazama bua, akamtazama mwenzake. Hasira aliyokuja nayo hakujua tena aiweke wapi. Akamhurumia, na akachukia kumhurumia.

"Yarrow," akasema, "ng'ombe wako wamenilia shamba."

Yarrow akatabasamu. Akangoja. Harrison akamnyooshea lile bua, na tabasamu la Yarrow likaanza kushuka.

"Kweli?"

"Kweli."

Yarrow akatoa simu haraka, akawaamuru wachungaji wawapeleke ng'ombe malka nyingine, wasikanyage tena kwa Harrison. Kicheko cha wachungaji kikasikika mpaka aliposimama Harrison. Yarrow akarudia, akaapa, sauti ikamkatika. Wakazidi kucheka, wakamwomba aseme tena.

Akaishusha simu. Jua lilikuwa limeshapinda, na wazee hao wawili wakashika njia ya mtoni kwa miguu, wakawazuie ng'ombe wenyewe.