Mtu Aliyewambwa

Mzee Omosa hakuwa na mke; Roda alikuwa amezikwa kando ya migomba. Hakuwa na dada aliye hai, wala binti wa kutuma, wala jirani wa kike anayejua kufunga mdomo. Hakuwa na magego ya kutafunia mahindi ya kuchoma. Na ruhusa ya kuvuka kizingiti cha nyumba ya mwanawe hakuwa nayo, kama asivyo nayo baba yeyote wa Kigusii mwana akishaoa.

Katika nyumba hiyo, ng'ambo tu ya ua, Nyakerario, mke wa mwanawe, alikuwa akifunga mizigo. Andrew, mumewe, dereva wa lori, alikuwa ameanza maisha na mwanamke mwingine huko Keroka, na habari ilifika kijijini kwao Ekerenyo kabla yake mwenyewe. Ndugu za Nyakerario walitarajiwa Jumapili na gari.

Omosa hakutulia. Aliingia kwenye majani chai, akachuma nusu kikapu, akatoka. Aliketi, akasimama. Alikwenda kumfungua ng'ombe aliyekwisha kufunguliwa. Kila mara jicho lilirudi kwenye mlango ule. Ataondoka? Na wajukuu je?

Jioni alikwenda ngumbaru, darasa la watu wazima. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa Nyakerario huyo huyo. Baba mkwe na mke wa mwana hawasemezani ana kwa ana, nao walikuwa wamejua jinsi ya kulichukua jambo hilo kwa heshima: Omosa aliketi nyuma karibu na dirisha, mwalimu hakumwuliza swali, na daftari lake lilipitia mikononi mwa rafiki yake Bosire.

Siku hiyo mwalimu aliandika ubaoni: on tenterhooks.

“Zamani huko Uingereza,” alisema, “wafumaji walikiosha kitambaa cha sufu, wakakiwamba kwenye fremu yenye kulabu ili kisinywee kikikauka. Mtu aliye hivyo amewambwa. Hawezi kujikunja wala kulala.”

“Kama mimi nikingoja ugali,” Bosire akasema.

“Hapana, Mzee Bosire. Hiyo ni njaa. Ugali unajua utakuja.”

“Humjui mke wangu, mwalimu!”

Darasa likacheka. Nyakerario naye akatabasamu, kisha uso ukarudi ulivyokuwa. “Wala aliyefiwa hatumwiti hivyo, maana habari yake ameshaipata. Maneno haya ni ya mtu aliyeuliza na hajajibiwa.”

Mkono wa Omosa ukasimama juu ya daftari. Amewambwa, hakika. Lakini alikuwa amemwuliza nani, na nini? Alikuwa akingoja jibu la swali ambalo hakuna aliyelisikia.

Njiani Bosire alimwambia, “Mpigie simu basi.”

“Nimtamkie mambo ya ndoa yake sikioni? Mimi baba mkwe?”

“Mtumie ujumbe.”

“Simu yake ni mchezo wa wajukuu. Watausoma kwa sauti mpaka barabarani.”

“Andika kwenye daftari, nimpe mimi.”

“Wewe? Wewe husoma daftari langu kabla ya lako.”

Bosire hakukana. “Mwanamke anaondoka, ndugu yangu, na wewe unalinda mila.”

“Mila ndiyo inayomfanya apite mbele yangu bila hofu. Nikiivunja, nitampa sababu ya pili ya kuondoka.”

Asubuhi Omosa alichukua kalamu. Kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani, kila neno lilikuja na aibu yake, akararua karatasi. Akaanza upya kwa Kiingereza. Maneno ya Kiingereza hayakumjua baba mkwe wala mke wa mwana, yalikwenda yalikotumwa.

Aliandika kwamba nyumba ile ni ya Nyakerario, hata Andrew alale popote. Majani chai yaliyo chini ya barabara ni yake kuchuma maisha yake yote. Kwamba atawaita wazee wa ukoo na kuyasema hayo mbele ya Andrew, amtazame usoni. Kisha akauliza: utabaki? Na chini yake, kwa mwandiko wa kunyooka, akaandika kwamba yeye ni on tenterhooks. Sasa alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Alipanda bodaboda hadi posta ya Nyamira. Karani, Fardosa, aliigeuza bahasha.

“Mzee, sanduku la mtumaji na la mpokeaji ni moja.”

“La shule. Tunaishi boma moja.”

“Si umpe tu mkononi?”

“Ni mke wa mwanangu.”

Fardosa, mzaliwa wa Kisii mjini, aliijua mila hiyo; akabandika stempu. “Itafika lini?” Omosa akasema, na kabla hajajibiwa akasema tena, “Itafika kabla ya Jumapili?”

“Tarishi wa shule atakuja kesho.”

Ulimi wa Omosa ulipita juu ya gundi ya bahasha, lakini bahasha ikafunguka. Fardosa akamsogezea chupa ya gundi. Omosa akapaka, akakandamiza ukingo kwa kidole gumba toka pembe hata pembe, akaikagua, akakandamiza tena. Kisha akaisukuma ndani ya tundu la sanduku la barua, akasikia ikianguka.